Maskati ni mwendo wa saa tano

Saa mbili asubuhi, Pujini, kisiwani Pemba. Bi Mwanapili Bakar, mwenye umri wa miaka 58, anatwanga majani ya mkunazi kwenye kinu kidogo. Chumbani kwa jirani amelazwa bibi aliyefariki alfajiri, na kabla ya adhuhuri awe ameshaoshwa na kuvishwa sanda.

Kazi hii ya kuosha maiti ameifanya miaka 22 bila malipo. Riziki yake ni shamba la muhogo. Majirani humtania. "Bi Mwanapili akikuuliza hali, mjibu upesi kuwa u mzima," anasema Moza, msaidizi wake, akichota maji. Bi Mwanapili anatabasamu kidogo, kisha anaendelea kutwanga.

Mwezi wa Rajabu uliopita, mwanawe wa pekee, Yumna, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani Maskati, alifariki kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka 26. Habari aliileta kwa simu Asma, Mpemba mwenziwe huko.

Mpwa wa Bi Mwanapili, Haroub, alitafuta kwenye simu safari ya kumleta maiti. Maskati hadi Unguja ni kilomita zipatazo 3,900, ndege huenda saa tano na kitu. Kisha nusu saa hadi Pemba. Bi Mwanapili akapiga hesabu kama anavyoipiga kwa maiti anayeletwa kutoka Wete: mtoto atafika magharibi. Akakata sanda, akatwanga mkunazi, akatuma watu makaburini.

Magharibi ikapita. Palitakiwa cheti cha kifo, barua ya mwajiri, kibali cha kusafirisha. Kila asubuhi alimwaga majani yaliyochacha, akatwanga mengine. Siku ya tisa Asma alipiga tena. Vibali huenda vikachukua wiki mbili zaidi. Wasubiri, au Yumna azikwe huko?

"Miaka yote nawaambia watu, maiti hacheleweshwi," anasema. "Kwa wangu ningesema nini? Nikasema, mzikeni."

Haroub anakumbuka kuwa Bi Mwanapili alilitamka neno hilo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Asma hakusikia.

Linalomkosesha usingizi ni jingine. Siku ya mazishi Asma hakuruhusiwa kutoka kazini, na hadi leo hajulikani aliyemuosha Yumna.

"Sijui mikono ipi ilimfumua nywele. Sijui kama maji yalikuwa ya vuguvugu. Naomba dua, lakini sijui."

Mwaka huu wasichana watatu wa hapa wanajiandaa kwenda Arabuni. Bi Mwanapili amepita kwao wote kuwaomba waje Ijumaa awafundishe kuosha maiti. Nyumba mbili zilimkatalia. Ni uchuro, zilisema, kumfundisha msafiri jambo hilo. Mmoja, Nusaiba, amekubali.

"Nitamfundisha huyohuyo mmoja," anasema. "Akifika, awafundishe wenziwe. Akifa tena mtoto wa Pemba, aoshwe na mtu anayelijua jina lake."