Mkunga Anayejifunza Kupita Wakati wa Sala

Saa kumi na mbili jioni, mtungi mtupu wa gesi unagongwa uani kwa mchungaji, na kijiji kizima kinanyamaza. Barabarani wanaume wa zamu wamejipanga, nguo zimefungwa kiunoni. Hapiti mtu mpaka sala iishe.

Perenise Toluono, mkunga wa miaka arobaini na sita, yuko nyuma ya usukani wa gari la zahanati. Injini inanguruma. Gari haliendi.

"Mguu haunitii," anasema.

"Jana ulikutii mpaka kwenye mwembe wa mzee Tavita," anajibu Mama Saloma, mke wa mchungaji, aliyeketi kando yake. "Tavita mwenyewe hafiki hapo bila kupumzika mara mbili."

Perenise anacheka kidogo.

Ni mkunga pekee wa vijiji saba vya pwani hii ya kisiwa cha Savai'i. Mwenzake alihamia New Zealand mwaka juzi na hakuletwa mwingine. Mwaka jana alizalisha wanawake tisini na wawili. Gari analiendesha mwenyewe, kwa sababu hata dereva hakuna.

Agosti iliyopita alikuwa akimkimbiza Fuatino hospitali ya wilaya. Ilikuwa mimba ya kwanza, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Walipofika kijiji cha tatu, mtungi wa sala ukagongwa. Perenise akazima gari.

Hakuna aliyemsimamisha. Gari la mgonjwa linaruhusiwa kupita, na kila mtu anajua.

"Mguu ulikanyaga breki wenyewe," anasema. "Tangu utotoni, ukisikia mtungi, unasimama. Na nilikuwa sijalala siku mbili. Nikainamisha kichwa, nikaomba. Nilimwombea mtoto huyohuyo."

Dakika kumi na mbili. Mtoto alizaliwa hospitali akiwa ameshafariki. Daktari alisema hawezi kujua kama dakika zile zingemwokoa.

Siku ya nne, kabla jua halijatoka, Perenise na ndugu zake walikwenda kuketi juu ya mawe mbele ya nyumba ya baba yake Fuatino. Alijifunika mkeka laini wa ukoo, kama anavyofanya mwenye kosa zito huku. Waliokosewa ndio wanaoamua kumfunua au kumwacha. Jua likapanda. Mvua ikanyesha, ikakatika.

Saa nne na nusu mkeka ulifunuliwa. Kwa desturi, kazi hiyo ni ya mkuu wa ukoo. Siku hiyo aliyekuja ni Fuatino mwenyewe, akijikokota kwa kushika nguzo za nyumba.

"Baba alikuwa bado anafikiri," anasema Fuatino. "Mimi nikaona nyayo zake zimetokeza chini ya mkeka, zimevimba. Nikamwambia, dada, ingia ndani unywe kakao."

Alisamehewa, lakini hofu haikuondoka. Kila jioni mtungi ulipogongwa, alijifungia zahanati. Aliacha kwenda kanisani. Mwezi wa pili aliandika barua ya kuacha kazi. Bado imo mfukoni mwa sare yake.

Mama Saloma alianza kuja zahanati kila jioni wakati wa sala. Hakuhubiri. Alikunja naye vitambaa vya uzazi.

"Nilimwambia, mama, Mungu amenichoka," Perenise anasimulia. "Akaniambia, 'Mwanangu, ulipozima gari alikuwa humo. Hakushuka. Na chini ya mkeka mlikuwa wawili.' Usiku ule nililala mpaka kukacha."

Sasa Fuatino ana mimba tena. Zimebaki wiki tatu. Wilaya iko tayari kumwazima mkunga mwingine, lakini inataka Perenise ajibu Ijumaa kama anaacha au anabaki. Fuatino hataki kusikia.

"Ukiacha kazi, nitazalia bandani na nguruwe wa baba," anasema kutoka kiti cha nyuma, tumbo amelipakata.

"Usinitishe, mdogo wangu."

"Nakutisha. Mimi mwenyewe naogopa. Bora tuogope wawili."

Ndiyo maana wiki hii nzima, sala ikianza, Perenise anafanya zoezi la kupita. Jumatatu gari lilizimika getini. Jana alifika kwenye mwembe. Leo anataka kufika kijiji cha tatu.

"Omba, mama," anamwambia Saloma.

"Omba wewe. Macho wazi."

"Bwana, usishuke," anasema Perenise kwa sauti. "Nakuomba, usishuke."

Gari linasogea. Wanaume wameinamisha vichwa. Mmoja wao, bila kuinua chake, ananyoosha mkono na kuwapungia: piteni. Mwembe unabaki nyuma.

Katika kijiji cha tatu, pale alipozima gari Agosti, uso wake umelowa machozi na mguu wake hauko kwenye breki.

Ijumaa ataijibu wilaya kwamba anabaki. Barua je?

"Sijaichana," anasema, akiugusa mfuko. "Nitaichana nikimsikia mtoto wa Fuatino akilia."