Neno la Kukimbia

Tangu vita vilipotutoa shambani tukiwa watoto, mimi na mdogo wangu tulikuwa na sharti moja: mmoja akisema toka, mwingine anatoka. Haulizi. Mama ndiye aliyetuwekea sharti hilo, kwa sababu jirani yetu alibaki nyuma akiuliza ni nani wanaokuja, na hatukumwona tena.

Asubuhi ile nilikuwa sokoni Kasongo, nyuma ya mafungu yangu ya mihogo, habari ikaingia kwenye kundi la kwaya katika simu. Wakaaji wa Salamabila wamepewa siku mbili kuhama. Serikali imechukua mlima wa dhahabu, wanajeshi wako njiani. Chini palikuwa na mahali pa kubonyeza ili kusoma yote. Sikubonyeza. Mega zangu za intaneti zilikuwa karibu kwisha, na mimi nikishaogopa sisomi tena. Mdogo wangu alikuwa huko Salamabila, ana mimba ya miezi minane, mumewe yuko mashimoni akichimba dhahabu. Nikampigia, nikamwambia toka, nikakata.

Saa sita mchana mama anayeuza chumvi karibu nami, mwanakwaya mwenzangu, akaifungua habari ile mpaka mwisho na kuanza kucheka. Akanisomea. Mlima ungesukumwa kwa toroli hadi Kinshasa, ili mawaziri wauchimbe bila kuchafua viatu. Ilitoka kwenye ukurasa wa watu wa mzaha, ambao kazi yao ni kutunga habari za kuchekesha. Yeye alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikuwa tayari natafuta namba ya mdogo wangu.

Nilipiga simu, sauti ya mashine ikanijibu kwamba hapatikani. Nikapiga tena na tena. Njia ya kutoka Salamabila naijua: hata magunia ya mchele hufika yamepasuka, na porini kuna watu wenye bunduki. Nilimwona akilini amekaa nyuma ya pikipiki, ameshikilia tumbo kwa mkono mmoja. Nilijichukia. Mteja akaniuliza bei ya mihogo, nikamfokea kana kwamba yeye ndiye aliyeandika ule upuuzi.

Jua lilikuwa linashuka aliponipigia kutoka Wamaza, njiani. Pikipiki ilikuwa imeteleza mara mbili. Alikuwa ametokwa na damu kidogo, sasa imekoma, na muuguzi alikuwa amemlaza kwenye kituo cha afya. Nikamweleza kila kitu huku nikilia. Nilingoja matusi, kwa maana yalinistahili.

"Yaya, mutoto anacheza bado," akasema, kwa jina analoniita mimi mkubwa wake. "Lakini siku ingine ukiniambia toka, nitauliza kwanza."

Mtoto alizaliwa salama, siku hizi anatambaa. Wamerudi Salamabila. Sasa habari yoyote naisoma mpaka nukta ya mwisho, hata mega zikiisha. Lakini naogopa siku nitakayompigia kwa jambo la kweli, naye akabaki amesimama mlangoni, ananiuliza ni nani wanaokuja.