Mukandori na mpaka wa selire

Mukandori alizaliwa Uvira, akakulia Kamanyola, na wenyeji wa Nyakabuye, huku Rwanda, hawakumsamehe kwa hilo. Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuvunjika, Kiswahili chake cha kelele. Aliuza mandazi nyumba kwa nyumba, na aliyemwambia arudi kwao Kongo alijibiwa hapo hapo: "Kwetu ni hapa. Nunua ao funga mulango." Mimi nilikuwa jirani yake. Siandiki habari zake kwa sababu nilimpenda. Naandika kwa sababu najua alichofanyiwa, na nilikuwepo.

Tulikuwa nyumba sitini na mbili za mabati mapya, zote za watu waliorudi kutoka Kongo. Wenyeji walikaa pande zote mbili zetu. Kila selire, yaani kila mtaa, ilikuwa na kamati yake, na kamati ndiyo iliyogawa vipande vya mpunga bondeni. Asiye na mtu wake kwenye kamati alipewa kipande kule maji yasikofika, au hakupewa kabisa. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba selire zitachorwa upya kabla ya uchaguzi wa Machi 1999, tuliingiwa na hofu. Tukiwekwa pamoja tutapata mtu wetu. Tukikatwa katikati, kila nusu itamezwa. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la nne niliiweza.

Munyemana, mkuu wa selire ya ng'ambo ya mto, aliiweza mapema zaidi. Oktoba iliyotangulia tulikuwa tumelalamika kwamba mbuzi wanakula mihogo yetu. Alituletea mwenyewe mafungu ya imiyenzi, ile minyaa yenye utomvu mweupe, huku anacheka. "Mama zangu, pandeni hapa kando ya njia." Njia ilipita katikati ya nyumba zetu. Tukapanda kwa mikono yetu, tukamshukuru. Aliyekulia hapa asingekosea hivyo. Kwao imiyenzi ikipandwa kati ya watu ni mpaka, na aliyeipanda ameukubali. Sisi tulidhani ni ua wa kuzuia mbuzi.

Februari karani wa komini, ofisi iliyo juu ya selire zote, alikuja na karatasi, akatusomea mbele ya wote pale kando ya ua. Selire zilingane idadi ya nyumba. Wanaokaa pamoja wasitenganishwe bila sababu. Mpaka ufuate kitu kinachojulikana tangu zamani, kama mto au ua.

"Ua upo," Munyemana akasema. "Waliupanda wenyewe. Au niliwashika mikono?"

Wenyeji wakacheka. Mmoja akapaza sauti: "Bakongomani banajua kupanda!"

Mukandori akasimama, unga bado mikononi. "Papa karani, umesoma tangu zamani." Akang'oa mti mmoja, ukatoka kama kitunguu. "Hii ni ya miezi ine. Mutoto wangu wa kunyonya ni mukubwa kuliko huu ua. Mupaka wa huyu Mzee ni mutoni, kila siku anafukuza mbuzi za batu kule."

"Nyamaza, muuza mandazi," Munyemana akasema.

"Sinyamaze. Mimi napita kila mulango. Ukifuata ua, kwake ni nyumba mia moja na kumi na moja, upande wa pili sabini na moja. Iko sawa hiyo?"

Karani akahesabu, akakuta ni kweli. Akafuta mstari, akauchora mtoni. Tukapiga vigelegele. Kisha akahesabu tena. Sasa upande wetu ulikuwa na nyumba mia moja na mbili, wa Munyemana themanini. "Mama amesema zilingane," akasema. "Nyumba kumi na moja ziende ng'ambo."

Munyemana hakufikiri hata kidogo. "Nipe mstari wa nyumba za chini, zile za mtoni. Nataka yule mwenye mdomo."

"Kuna anayepinga?" karani akauliza.

Kuhesabu kutoka chini, nyumba ya Mukandori ilikuwa ya kumi na moja. Yangu ilikuwa ya kumi na mbili. Akanigeukia. "Mama Emerance, sema kitu!"

Sikusema. Hakuna aliyesema. Sisi wa nyumba hamsini na moja zilizobaki tuliwazidi wenyeji wa nyumba arobaini za upande wetu, na kila mtu alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo.

Siku ya kuchagua, watu walipanga mstari nyuma ya waliyemtaka, mchana, macho ya wote yakiona. Mstari wa Damascène, mgombea wetu, ulifika barabarani. Ng'ambo, Mukandori alijitokeza kushindana na Munyemana. Watu wa zile nyumba kumi na moja walisimama nyuma yake. Munyemana akawa anawatazama mmoja mmoja, nao wakaanza kuhamia kwake. Mwisho Mukandori alibaki na mama mmoja kizee asiyeona vizuri.

Damascène alinipatia kipande karibu na mfereji. Mukandori hakupewa kitu. Mavuno ya kwanza nilimpelekea sahani ya mchele. Aliipokea kwa mikono miwili, akawamwagia kuku mbele yangu, punje zote, kisha akanirudishia sahani.