Azucena, fundi wa ngozi aliyekosea mafuta

Saa nane mchana, San Eulogio imelala. Madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa, duka la dawa limegeuza kibao chake, na upepo unaoshuka kutoka milimani unapita barabarani taratibu, kana kwamba nao umeambiwa usiamshe watu. Hapa kaskazini mwa mkoa wa Córdoba mtu anayepiga nyundo saa hizi hutazamwa vibaya mwezi mzima.

Azucena Ludueña hapigi nyundo. Ameketi karakanani kwake, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, anapaka nta ya nyuki kwenye kifunga-mdomo cha ngozi. Anapaka kwa kidole gumba, ananusa, anapaka tena. Chini ya meza, kichwa kikiwa juu ya kiatu chake, amelala Harina, mbwa jike mweupe pe, ambaye jina lake maana yake ni unga.

“Nikivuta mguu ataamka,” ananong’ona. “Basi sivuti. Umekufa ganzi tangu saa saba, wacha ufe.”

Jumamosi Harina atapimwa tabia kwa mara ya pili na ya mwisho. Akishindwa tena, sheria ndogo ya mji inataka ahamishwe nje ya mipaka ya mji au achomwe sindano ya kumuua. Azucena na mumewe Evelio hawana shamba, wala hawana ndugu mwenye shamba. Wana nyumba hii, karakana hii na mbwa huyu.

Azucena ana miaka hamsini na minane na hajawahi kufanya kazi nyingine. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na alipoona binti yake ana mkono mzuri kuliko wanawe wa kiume alikasirika kidogo, kisha akamfundisha. Farasi walipopungua, alibaki na wawindaji wa nguruwe mwitu, akiwashonea mbwa wao vizibao vya ngozi nene vya kuzuia meno ya nguruwe yasiwapasue vifua. Mbwa hao ni wa aina ya dogo, na msomaji asidanganyike na jina, maana hawana udogo wowote. Harina akisimama, mgongo wake unafika kwenye kiuno cha mwandishi wa makala haya, ambaye kwa kawaida huvuka barabara akiona hata mbwa wa mapajani.

Ukutani, rafu tatu zimejaa midomo ya mbwa iliyochongwa kwa mti. Kabla ya kushona chochote, Azucena humpima mbwa kwa vidole vyake, kisha huchonga umbo la pua na mdomo wake kwenye mti wa algarrobo, na juu ya umbo hilo ndipo huikunja ngozi mbichi mpaka ikauke. Kila umbo limeandikwa jina kwa chuma cha moto. Wengi wa wenye majina walishakufa zamani. Ukikaa humo mchana, mwanga ukiingia kwa ufa wa dirisha na vumbi la ngozi likielea, unaanza kuhisi kwamba unanuswa.

“Huwa wananijia usingizini,” anasema Azucena. “Wanapanga foleni pale mlangoni, hawabweki, wananiangalia tu. Evelio anasema ni kwa sababu nakula jibini usiku.”

“Ni jibini,” anathibitisha Evelio kutoka kwenye kiti chake cha uani, akiwa na kikombe cha mate, chai chungu ya majani ya huku, mkononi. Aliwinda miaka mingi mpaka goti likakataa. Harina alikuwa mbwa wake wa mwisho, na siku Evelio alipotundika kisu ukutani, Harina naye alihamia chini ya meza ya Azucena kama mtumishi aliyestaafu.

Mwaka juzi kazi ilikuwa imekwisha kabisa. Mwandishi alipouliza kipato, Azucena alicheka mpaka akafuta miwani. Kwa mwezi mzima aliuza mikanda miwili, na yote aliinunua mwenye duka la nyama kwa huruma. Na kifunga-mdomo kimoja leo ni pesa ngapi? “Usiandike bei, mwanangu. Gazeti lako likifika mjini itakuwa imeshapanda. Andika kilo nne za nyama, nzuri, ya kuchoma. Hapo kila mtu ataelewa.”

Kilichomrudishia kazi ni sheria ileile inayotaka kumwondolea mbwa.

Ilianza katika kijiji cha jirani, ambako mbwa aliyeachiwa wazi alimng’ata mtoto shavuni. Mtoto alipona, lakini kovu limebaki. Bibi yake mdogo ni Chela Villafañe, mwenye duka la mkate la San Eulogio, mwanamke ambaye akiamua jambo hata kasisi hukaa kimya. Chela alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi. Baada ya miezi michache, halmashauri ilibandika tangazo kwamba mbwa wa aina zilizotajwa wavae kifunga-mdomo wakiwa barabarani, na kila mmoja apimwe tabia. Aina ya kwanza kutajwa ilikuwa dogo.

Mji uligawanyika. Wawindaji walilalamika kwamba huyu ni mbwa wa kwao, alianzishwa mkoani mwao na jina lake kamili lina jina la nchi yao, na leo anaandikwa kama mwizi wa kuku. Evelio aliapa hatakanyaga duka la Chela tena, akaanza kula biskuti za paketi. Azucena hakuapa chochote.

“Nilimwona yule mtoto,” anasema. “Ukiliona lile shavu huwezi kusema sheria ni upuuzi. Nilimwambia Evelio, mzee, nyamaza, ule biskuti zako.”

Badala ya kulalamika alishona. Alitengeneza kifunga-mdomo kipana, ambacho mbwa anaweza kuhemea na hata kunywa maji akiwa nacho, na karibu wenye mbwa wote wa mji walikuja kwake. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi taa ya karakana iliwaka jioni. Kila kimoja alikimalizia kama alivyofundishwa na baba yake, kwa kukipaka mafuta ya nguruwe mwitu mpaka ngozi ikashiba.

Siku ya kipimo cha kwanza, vifunga-mdomo vikivaliwa kwa mara ya kwanza, mbwa walipangwa kwenye uwanja wa mpira. Mpimaji alikuwa Maricel Oviedo, daktari wa mifugo aliyehamia kutoka mjini Córdoba, msichana mpole anayezungumza na paka kwa heshima zote. Kipimo chenyewe hakikuwa kigumu. Mtu mgeni anamsogelea mbwa, karani wa halmashauri anapita na baiskeli, mpira unarushwa, na mbwa anatakiwa asimrukie mtu.

Kilichotokea bado kinasimuliwa kwa kinyozi. Mbwa waliovaa kazi ya Azucena walisimama wakitetemeka, manyoya ya mgongo yamesimama, macho yamekwenda mbali kule vichakani. Walilia kwa sauti nyembamba. Walivuta kamba. Harina, ambaye nyumbani anaogopa ufagio, alimburuta Azucena hadi katikati ya uwanja, na baiskeli ilipopita aliirukia kwa uzito wake wote. Karani aliangukia kwenye chaki ya mstari wa goli. Hakuumia, ila suruali yake iliumia sana.

Mbwa waliofaulu siku hiyo walikuwa wale waliovalia vifunga-mdomo vya plastiki vya dukani, likiwemo jibwa la mwenye duka la nyama ambalo limeshang’ata watu watatu na padri mmoja.

“Chela alikuwa pale kwenye uzio,” anakumbuka Azucena. “Hakunicheka. Ingekuwa nafuu angenicheka. Alinitazama kama mtu anayesema, unaona sasa? Na mimi nikafikiri, pengine ni kweli. Pengine nimelala miaka yote hii na mnyama nisiyemjua.”

Kwa wiki nzima Harina alikaa ndani, kwa kuwa mbwa aliyeshindwa haruhusiwi kukanyaga barabara. Azucena alipokea oda lakini hakushona. Alimwangalia mbwa wake akiota, miguu ikipiga hewa, na kwa mara ya kwanza aliogopa kile anachokiota.

Daktari Maricel alikuja mwenyewe kueleza utaratibu wa kipimo cha pili. Alikaribishwa chai ya mate yenye majani ya peperina, mnanaa wa milimani, na kipande cha keki ya viazi vitamu. Wakati anaongea alichukua kifunga-mdomo cha Harina mezani, akakigeuza akikisifia mshono, kisha bila kufikiri akajikuna pua. Akanusa vidole.

“Doña Azucena, haya ni mafuta ya nini?”

“Ya nguruwe mwitu, binti yangu. Ndiyo yetu siku zote.”

“Na kizibao cha kuwindia unakipaka nini?”

“Hayohayo. Ili mbwa akivalishwa tu ajue leo ni siku ya...”

Hakumaliza. Evelio anasema mkewe aliganda na birika mkononi, maji ya moto yakimwagika juu ya kitambaa cha meza. Kila mwindaji wa huku anajua kwamba mbwa haamrishwi kwenda kazini kwa maneno. Anafungwa ngozi kifuani, anavuta pumzi moja, na msitu wote unaingia kichwani mwake. Azucena alikuwa amewafunga mbwa wa mji mzima harufu hiyo puani, akawapeleka uwanjani, akawaambia watulie.

“Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena,” anasema. “Yule binti alidhani nimepatwa na kiharusi. Harina hakuwa amenikosea. Alikuwa ananitii! Nilimwambia kwa pua, twende kuwinda, yeye akatafuta nguruwe, akakuta baiskeli.”

“Ndiyo maana nimekuwa nikisema,” anadakia Evelio, “yule karani ana sura ya...”

“Nyamaza, mzee.”

Mafuta ya nguruwe mwitu yakishaingia kwenye ngozi hayatoki. Azucena alipita nyumba kwa nyumba kukusanya vifunga-mdomo vyote alivyouza, akashona vingine bila malipo, na kila mlango ulikuwa na maneno yake. “Doña, safari hii usitupake asali, atafukuza nyuki!” “Doña, mpake mume wangu hayo mafuta, pengine ataondoka kitandani!” Alicheka nao wote. Daktari Maricel alikubali kuwapima upya wote walioshindwa.

Cha Harina alikiacha mwisho, kwa sababu wengine walikuwa wameshalipa. Ndicho anachokipaka nta mchana huu, na ananusa kila baada ya dakika, kwa hofu ya fundi ambaye haiamini tena pua yake mwenyewe.

“Na kama si mafuta?” mwandishi anauliza, na mara moja anajutia swali.

Azucena anapaka nta tena. Chini ya meza Harina anahema.

“Basi itakuwa nimejua ni mnyama gani,” anasema. “Lakini sitaki kujua hivyo.”

Jumamosi inaamka na ukungu mwepesi juu ya uwanja, na mbwa weupe wanaoingia mmoja mmoja wanaonekana kama nguo zilizoangushwa na upepo kutoka kambani. Safari hii hakuna anayelia. Wanatazama huku na kule, wananusa majani, mmoja anakojolea nguzo ya goli kwa utulivu mkubwa.

Zamu ya Harina inafika. Mgeni anamsogelea, naye anatikisa mkia. Mpira unarushwa, anautazama ukienda. Karani anapita na baiskeli, kwa mbali kidogo kuliko alivyoagizwa, na Harina anapiga mwayo ndani ya kifunga-mdomo, mwayo mrefu unaomfanya hata karani acheke. Kisha anajilaza katikati ya uwanja, anaweka kidevu juu ya kiatu cha Azucena, na anasinzia.

“Anatakiwa atembee,” anasema karani.

“Atatembea akiamka,” anajibu Daktari Maricel, na anagonga muhuri.

Azucena anasimama wima, analia bila kujificha na bila kuvuta mguu. Evelio anajifanya ana vumbi machoni.

Chela Villafañe anatoka kwenye uzio. Anatembea polepole, mikono mfukoni mwa aproni, na watu wanampisha. Anasimama hatua chache kutoka kwa mbwa.

“Anauma?” anauliza.

“Ana meno, Chela,” anasema Azucena. “Siwezi kukuambia hana.”

Chela anazimaliza hatua zilizobaki. Anatoa mkono mfukoni, anaunyoosha mbele ya watu wote. Harina anafungua jicho moja. Ananusa vidole vyenye unga, ananusa kiganja, ananusa kifundo cha mkono, bila haraka yoyote, na mkia wake unapiga nyasi mara mbili.

“Mimi sijabadili mawazo yangu,” anasema Chela, mkono ukiwa bado pale.

“Sijakuomba ubadili.”

“Akija dukani avae hicho.”

“Atavaa.”

Mwandishi anamuuliza Azucena ana mipango gani baada ya siku kama hii. Wengine hapa wanazungumzia kukata rufaa ili mbwa apimwe kwa tabia yake na si kwa aina yake, na yeye amesema atatia sahihi. Lakini hilo ni la baadaye.

“Kesho ni Jumapili,” anasema, akimshika Harina kichwani. “Tutakwenda kununua mkate, mimi na yeye, asubuhi, saa ileile ambayo watu wote wananunua. Na tutasimama kwenye foleni.”