Kitabu Kilichofunguliwa Nyuma

Juzi, katika ofisi ya kijiji karibu na Vuga, nilimkuta bibi mmoja akiandikishwa kisomo cha watu wazima. Mwalimu alimpa kitabu. Bibi akakifungua kuanzia nyuma, kidole kikitembea kutoka kulia.

"Umekishika kinyume, bibi," mwalimu akasema, akaandika daftarini: hajui kusoma.

Bibi akatoa msahafu mkobani, akasoma kwa sauti tamu hadi karani akaacha kupiga chapa. Kisha bibi akamsogezea mwalimu msahafu.

"Ramadhani imekaribia, mwanangu. Endelea hapo nilipoishia."

Mwalimu, balaghashia kichwani, akakohoa. "Mimi nilihifadhi sura chache tu, bibi. Herufi zenyewe sizijui."

"Basi jiandike hapo chini yangu."

Nikaaga haraka, kabla daftari halijanifikia.