Mama Tshibola Husoma Nyuma Kwanza

Saa tisa mchana, Alhamisi, na Mama Tshibola Kanku hajachapa hata karatasi moja. Amekaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba chake mjini Kolwezi, magotini ana rundo la karatasi zilizokwisha kutumika. Anainua moja, anaigeuza, anaisoma mgongo kutoka juu hadi chini. Mtihani wa hesabu wa darasa la tano, unapita. Orodha ya nyimbo za kwaya, inapita. Cheti cha zahanati chenye jina la mgonjwa. Hicho anakikunja na kukiweka kando, kirudi kwa mwenyewe.

"Mi ninasomaka nyuma kwanza," anasema bila kuinua macho. "Ya mbele ninaijua, ni mi mwenyewe niliandika."

Gazeti lake linaitwa Njo Vile, maneno ambayo mtu wa Kolwezi huyasema akitaka kukuthibitishia kwamba jambo liko hivyo hivyo. Ni karatasi moja, upande mmoja, nakala mia mbili kila Jumamosi. Humo utajua bomba la mtaa gani litatoa maji na saa ngapi, nani amefiwa na matanga yako wapi, barabara ya Mutoshi imekatika wapi, na kama lori la mahindi kutoka Lubudi limefika au limelala njiani. Si habari za kutikisa dunia. Lakini mwenye ndoo tupu kichwani ana haja gani na dunia?

Mama Tshibola ana miaka arobaini na mitatu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, naye akazaliwa hapa hapa. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipiga mashine ya kuandika katika ofisi ya shule, na mwaka huu wa 1991 mshahara wake una miezi mitatu haujaonekana.

Mwaka jana, magazeti ya watu binafsi yaliporuhusiwa, yale ya Kinshasa yalianza kufika Kolwezi yakiwa na umri wa wiki mbili, yamejaa ugomvi wa wakubwa. Aliyasoma yote kwa hamu, kisha kwa uvivu, kisha akawa anafungia sabuni. Hakuna lililomweleza kwa nini bomba la mtaa wake limekauka.

Parokiani kulikuwa na roneo, mashine ya kuchapia kwa stensili, iliyotupwa stoo kwa kukosa mkono wa kuzungushia. Akaiomba, akapewa. Kasimu Abedi, msafirishaji anayekwenda Lubudi na lori lake kila wiki, aliitazama, akacheka, kisha akaifungia pedali ya baiskeli. Mpaka leo inazungushwa kwa pedali hiyo, na inalia kama bata.

Bei ya gazeti ilimsumbua kichwa. Noti iliyonunua mkate Jumatatu, Ijumaa hainunui hata kibiriti. Akaamua kuachana na noti. Msomaji wa Njo Vile hulipa karatasi moja yenye upande mmoja mtupu kwa kila nakala, na kopo moja la unga kila mwisho wa mwezi. Unga huuzwa, ndio unaonunua wino na stensili. Tangazo la tajiri hakuna, bahasha ya mkubwa hakuna. Gazeti huchapwa upande mtupu wa karatasi za wasomaji wenyewe, kwa hiyo kila nakala ina mgongo wake, na watoto wa shule wameshazoea kukutana na mitihani yao sokoni.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, akiuza toleo la kumi na nne, alisikia watu wanacheka. Toleo lile lilikuwa na habari za matanga matatu, na matanga hayamchekeshi mtu. Akasogea. Watu walikuwa wamegeuza gazeti, na fundi viatu mmoja alikuwa akiwasomea wenzake barua kwa sauti ya mapenzi.

Aliuona mwandiko, akajua karatasi zimetoka kwa nani. Karatasi zile aliletewa na Mama Mianda, mjane wa karani wa reli, mteja wake wa tangu toleo la kwanza. Alizitoa kwenye sanduku la bati la marehemu, karatasi kumi na nane. Mama Mianda hakujua kusoma, gazeti alisomewa na majirani. Mumewe alimwambia miaka yote kwamba zile ni karatasi za kazi, naye akaziheshimu kama karatasi za kazi. Kumbe zilikuwa barua za mwanamke wa Lubudi. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini siku ile mtungi ulimwagwa katikati ya soko.

Mama Tshibola alifunga biashara palepale. Kabla ya kitu kingine chochote alikwenda kwa Mama Mianda, akamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alipiga moyo konde akamwambia yote: karatasi ni barua, barua ni za mwanamke wa Lubudi, na kosa ni lake yeye aliyechapa bila kugeuza. Anasema mwenzake hakuacha kutwanga. Mchi ulipanda, ukashuka, kwa muda mrefu.

"Bantu ngapi banasoma?" aliuliza mwishowe.

Mama Tshibola akajibu kwamba watu waliosoma ni wengi. Mama Mianda akamwambia azirudishe zote, hata moja isibaki nje, halafu akamwomba aende.

Alitembea siku tatu, nyumba kwa nyumba. Mtu mmoja tu alimwomba amalizie kusoma kwanza. Mama Tshibola alisimama mlangoni mkono umenyooshwa mpaka yule bwana akaona haya. Zikarudi kumi na saba. Ya kumi na nane ilikuwa imekwenda Lubudi na magazeti ambayo Kasimu huyaacha stesheni. Ilimchukua Kasimu siku tisa kuipata. Aliileta imekunjwa katika mfuko wa shati, akaapa hajaisoma, na uso wake ulisema kaisoma mara mbili.

Barua zilirudi. Imani haikurudi. Alhamisi ya wiki ile ile, Kasimu akiwa bado anaitafuta ile ya mwisho, siku ya kupokea karatasi, zilikuja ishirini na tatu tu. Mji mzima ulikuwa nyumbani unapekua masanduku. Wanaume ambao hawajawahi kufagia walikutwa wanapanga makaratasi. Mama Tshibola anacheka akisimulia leo, lakini siku ile hakucheka: bila karatasi mia mbili hakuna gazeti, na gazeti lililokosa wiki moja huzoeleka kukosa.

Ndipo akaja Polycarpe, mwenye bohari la unga, aliyerudia jina lake la ubatizo mwaka jana, majina hayo yaliporuhusiwa tena, na anapenda kuitwa nalo. Alikuja na katoni ya karatasi nyeupe, mpya. Alisema atatoa katoni kama ile kila mwezi, zawadi tu, kwa kuwa mwanamke wa heshima hachapi gazeti juu ya takataka za watu. Alitaka kitu kimoja kidogo: aonyeshwe ukurasa kila wiki kabla haujachapwa. Njo Vile lilikuwa limeandika mara mbili kwamba kopo la kupimia la bohari lake lina kitako kirefu kuliko makopo mengine, yaani linapima unga pungufu.

"Nilifungua katoni, nikanusa," Mama Tshibola anakiri. "Karatasi mupya inanukia muzuri. Sitakudanganya, roho ilienda."

Wakati Polycarpe angali amekaa anasubiri jibu, saa kumi mchana, jua likiwaka, Mama Mianda alikatisha soko zima na furushi kichwani. Hakulifunika. Watu waliacha kupima mihogo wakamtazama. Akaingia, akalitua juu ya katoni ya Polycarpe: karatasi arobaini kutoka sanduku lile lile.

"Ile ya kwanza ilinikata roho," alisema, na wote waliokuwa mlangoni walisikia. "Hii uisome kwanza, njo uchape. Kama mi mwenyewe ninaleta, nani tena ataogopa?"

Safari hii zilikuwa kweli karatasi za kazi, hati za mizigo ya reli. Kufika Ijumaa jioni rundo lilikuwa na karatasi mia mbili na sitini. Katoni ilirudi boharini juu ya lori la Kasimu, imefungwa vizuri. Polycarpe bado ni msomaji. Hulipa karatasi moja kama wengine, ila yake ni nyeupe pande zote mbili. Mtu haachi kujionyesha.

Tangu hapo Mama Tshibola husoma nyuma kwanza, na ndiyo maana saa tisa hii hajachapa. Ana mipango. Anataka nakala mia tatu kabla ya mwaka kwisha, na mwandishi wa pili atakayekaa Lubudi. Anasema atayapata yote mawili, kwa sauti ya mtu anayekutajia siku ya kesho.

Kuna jambo moja tu linalomtoa jasho. Barua kumi na nane ziko kwa Mama Mianda, zimefungwa katika kitambaa cha kichwa. Alikataa kuzichoma, akakataa kusomewa. Kila Alhamisi, saa kumi, huja hapa kujifunza kusoma, na kitabu chake ni Njo Vile. Anataka kuzisoma mwenyewe.

Namuuliza Mama Tshibola, aliyeziona zote, kama hana nia ya kumfundisha polepole, ili siku ya kuzisoma ichelewe.

"Ninawaza vile kila wiki," anasema. "Lakini gazeti yangu inaambia bantu bote mambo vile iko. Nitamufichia yeye peke yake, mwenye aliiokoa?"

Mama Mianda amefika. Anaketi, anafungua toleo la Jumamosi, anaweka kidole penye habari ya lori la mahindi. Midomo inatangulia, sauti inafuata. Anasoma neno zima bila kusaidiwa: Lubudi.

Kidole kinabaki hapo kidogo. Kisha kinasogea kwenye neno linalofuata.