Ka, Ka, Ka Ndani ya Diski

Nilipulizia kompyuta ya mama dawa ya mende. Ndani ya lile boksi kulikuwa na kitu kinagonga ka, ka, ka, kinanyamaza, kinaanza tena, na mimi nikaapa ni mjusi. Mama ana kibanda cha picha na video hapa Bugarama. Nilitaka kumfurahisha, nikapuliza mpaka kibanda kizima kikakohoa.

Mjusi gani! Ilikuwa diski inakata roho. Na humo ndimo ilimokuwa harusi nzima aliyoirekodi mama kule Kishapu, na baba wa bibi harusi angeifuata Jumamosi.

Dada yangu, anayesoma kompyuta chuoni Shinyanga mjini, alikuwa nyumbani likizo. Akalifungua boksi, akanusa, akanitazama.

"Wewe, haikuwahi kukupa onyo?"

"Ilileta maneno ya Kiingereza. Nikabonyeza kufunga."

"Na ukikopi inaganda?"

"Inaganda, naizaba kofi, inaendelea."

"Yesu wangu!"

Akanieleza kama anaongea na mbuzi. Eti diski huficha ugonjwa. Wachimbaji wa dhahabu wakikuta upande mmoja wa duara, lile shimo lao, umebomoka huko chini, wanauziba kwa magogo, wanahamia upande mwingine. Mwenye duara yuko juu, anaona viroba vya mawe vinatoka, anajua mambo safi. Diski nayo ndivyo: sehemu ikiharibika inaitia alama, inatumia ya akiba, kimya kimya. Akiba ikikaribia kuisha ndipo inaganda, inagonga, inalalamika. Hapo unahamisha vitu vyako haraka, huendelei kujaza.

Mimi nilikuwa naendelea kujaza. Muvi za wateja, tena za Kihindi, zile zisizoisha.

Dada akashinda anakopi kipande kwa kipande. Keki ikatoka, ngoma zikatoka, mashangazi wote wakatoka na vigelegele vyao. Hotuba ya baba wa bibi harusi ikagoma. Anasimama, anakohoa, anasema "Ndugu zangu," basi, giza. Nikasema hiyo ndiyo hotuba fupi ambayo watu huiomba kwenye kila harusi. Hakucheka mtu.

Mama akavua miwani.

"Yule mzee atakuja kuitoa upya hapahapa kibandani, kwa Kisukuma, kuanzia babu wa babu yake. Andaa kiti kimoja tu, cha kwake. Wewe utamsikiliza umesimama."